Breka Ilikuwa Ikisema Kweli

Katika jalada la matumizi ya kamati yetu imo risiti moja ambayo kila tukiifunua twaona haya. Ni risiti ya bunda la waya wa milimita 2.5, ulionunuliwa kwa ajili ya jiko la nyumba ya wakfu iliyo nyuma ya madrasa, mahali ambapo kina mama wetu huoka mikate ya kuuza ili kuchangia posho za walimu. Sahihi iliyo chini yake ni yetu wenyewe. Fundi alikuwa ameandika waya wa milimita 6. Tulimuuliza kama hakuna wa bei nafuu, naye kwa kutustahi akajibu kwamba upo, tukauchukua huo.

Jiko lile lilitiwa vyombo viwili vya kupachikwa: oveni iliyoingizwa ndani ya kabati, na juu yake, katika meza ya marumaru, sahani nne za umeme. Vyote viwili vikaunganishwa na waya mmoja huo, wenye breka ya ampea 20. Siku za mwanzo zilipita salama, kwa kuwa oveni ilitumika peke yake. Ulipofika mkesha wa Iddi, mikate ikiwa ndani na vyungu vikiwa juu ya sahani zote, breka ikakata. Ikapandishwa, ikakata tena.

"Katibu, umeme wenu huu hautaki tule Iddi," akatuambia mama msimamizi wa jiko.

Akaitwa fundi mwingine aliyekuwa jirani. Hakutazama waya. Alisema, "Mama, breka hii ni ndogo," akaitoa ile ya 20 na kuweka ya 40. Haikukata tena usiku ule, nasi sote tukamshukuru na kumpa sahani ya pilau.

Wiki ya tatu mama yule alisikia harufu ya plastiki inayoungua, na alipogusa ukuta juu ya kabati akaukuta una moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Alhamdulillahi, ilikuwa mchana na watu wapo. Ukuta ulipochimbuliwa, plastiki ya waya ilikuwa imekauka na kumeguka kama biskuti, na shaba ilikuwa wazi pande mbili zikikaribiana. Nyuma ya ukuta ule hulala watoto wa bweni.

Wapenzi wasomaji, tumeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu tumegundua kwamba nyumba nyingi zinazojengwa sasa hutengewa nafasi ya oveni ya kabatini, na wengi wetu huishughulikia rangi ya kabati kwa miezi, ilhali waya twauacha kwa makadirio ya dakika moja dukani.

Breka haikuwekwa kwa ajili ya oveni. Imewekwa ili kuulinda waya. Kila waya una kiasi cha umeme unachoweza kuubeba bila kupata joto la kuiharibu plastiki yake, na plastiki ya kawaida ya waya za nyumbani imekusudiwa isipite nyuzi 70 za Selsiasi. Waya wa milimita 2.5 uliopitishwa katika bomba ndani ya ukuta hubeba ampea ishirini na kidogo tu. Breka ya 20 ilipokuwa ikikata ilikuwa ikitutahadharisha. Tukaibadilisha kwa nyingine isiyosema. Na joto la waya haliongezeki sawasawa na umeme: umeme ukizidi mara mbili, joto linalozaliwa huzidi mara nne.

Kujua oveni yako inahitaji nini si elimu ya kuogopwa. Fungua mlango wake, au tazama ubavuni kabla haijapachikwa. Utaona kibati kilichoandikwa wati au kilowati. Gawanya wati hizo kwa volti 230 za umeme wetu, utapata ampea. Oveni yetu ilikuwa ya wati 3,500, yaani ampea 15 na kidogo. Sahani nne zilikuwa za wati 6,000, yaani ampea 26. Jumla yake ni ampea 41, nasi tulizipitisha katika waya usioweza hata 25. Laiti mmoja wetu angalichukua kalamu, hesabu hii ingetuchukua muda mfupi kuliko ule tuliotumia kuombana bei.

Mpangilio basi ni huu: kwanza mzigo, kisha breka inayouzidi mzigo kidogo, kisha waya unaoweza kubeba zaidi ya breka hiyo. Kwa oveni peke yake yenye wati kama 3,000 hivi, na hizo ndizo nyingi katika nyumba ambazo sahani za juu ni za gesi, waya wa milimita 2.5 wenye breka ya 16 unatosha iwapo njia ni fupi na hauchangii na kitu kingine. Sisi twapendelea wa milimita 4 wenye breka ya 20. Njia ikiwa ndefu, volti hupotea humo njiani: katika mita 25 za waya wa 2.5 ukibeba ampea 15 hupotea volti karibu 7, na katika wa milimita 4 hupotea 4 tu. Sahani za umeme zipewe waya wa milimita 6 na breka ya 32, na mpishi mkubwa wenye oveni na sahani kwa pamoja huweza kudai hata milimita 10. Plagi ya pini tatu, ambayo fyuzi yake ni ya ampea 13, isitegemewe kwa oveni ya wati 3,500, hata kama itaingia vizuri kwenye soketi.

Dukani nako kuna mtego. Zipo waya ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na alumini huuzuia umeme zaidi ya shaba kwa kiasi cha mara moja na nusu hivi. Kata ncha, kwaruza kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Pima pia kwa mkono. Bunda la shaba ni zito. Tazama kama ukubwa na volti vimechapwa juu ya plastiki na kama ipo alama ya TBS, na usidanganywe na unene wa nje, kwani plastiki nene huweza kuficha shaba nyembamba.

Kipande cha mwisho, kile kinachoingia mgongoni mwa oveni, ndicho kinachosahauliwa. Huko nyuma kuna joto, kwa hiyo kinafaa kiwe cha waya wa mpira unaostahimili joto, kisiguse bati la oveni. Skrubu zikazwe barabara, maana kiungo kilicholegea huungua hata waya ukiwa mnene. Waya wa ethi, wenye kijani na njano, usiachwe ukining'inia kwa kisingizio kwamba oveni inawaka bila huo. Na swichi ya kuzimia iwe pembeni, mahali ambapo mkono unafika bila kuvuta oveni.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya shemeji mwenye bisibisi. Yule fundi wetu wa kwanza tulimrudia na kumwomba radhi. Alicheka, akasema hakuwa na kinyongo, ila angetuomba safari hii tusiulize bei ya nafuu. Alivuta njia mbili mbalimbali kutoka kwenye sanduku la breka, akajaribu oveni na sahani zote kwa saa nzima huku kiganja chake kikiwa ukutani, na kabla ya kuondoka akaandika kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha sanduku: "Oveni, 20, waya 4. Sahani, 32, waya 6. Asibadilishe mtu breka bila kuniita." Chini yake mama msimamizi akaongeza namba ya simu ya fundi, kwa mwandiko mkubwa, ili katibu asipate udhuru.