Akiba ya Jikoni Kabla ya Ramadhani

Kila ifikapo nusu ya Shaaban huulizwa masuala mengi na wazee wa wanafunzi wetu: suala la niya, la kuandama mwezi, la mama anyonyeshaye na la msafiri. Miaka mitatu iliyopita tuliletewa suala jingine ambalo hatukulitarajia, na aliyetuletea hakujua kuwa ameuliza.

Walikuwako wasichana kumi na mmoja katika darsa yetu ya baada ya alasiri. Ramadhani ilipoingia, siku ya kwanza walihudhuria wote. Siku ya tatu walikuja sita. Lilipokwisha kumi la mwanzo walibaki wawili, ilhali katika wavulana hakupungua hata mmoja. Tukamwita mmoja wa waliokosa, mwanafunzi hodari aliyebakisha juzuu tatu tu ahitimu, tukamwuliza, “Mwanangu, unaumwa?”

“La, Maalim. Niko jikoni.”

“Tangu saa ngapi?”

“Tangu tukitoka skuli, Maalim. Mama anapika, mimi nasukuma chapati na kufunga sambusa. Kaka zangu wao ndio wanakuja huku.”

Hakusema kwa kulalamika, bali alisema kama mtu aelezaye njia ya kwenda sokoni. Nasi tulirudi nyumbani na maneno yake moyoni, tukaingia jikoni kwetu, na yatupasa tuseme kweli kwamba hatukuwa na desturi ya kuingia humo saa kama ile. Tukamkuta mama watoto amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, jasho linamtiririka, na Msahafu wake umefungwa juu ya kabati. Tukamwuliza amefika juzuu ya ngapi.

“Ya pili, Maalim. Na hiyo ni ya usiku, nasoma huku nasinzia.”

Siku hiyo ilikuwa mwezi kumi na mbili Ramadhani. Sisi tulikuwa tumekwisha vuka juzuu ya kumi na tatu, na jioni ile tulikuwa tumealika wageni sita.

Ndipo tulipoanza kuliangalia kwa jicho jingine lile sanduku la kugandisha ambalo sote twaliita friza, lililokuwa pembeni mwa ukumbi wetu likiwa na barafu za kuuza na mifupa ya supu. Makala haya ni ya namna ya kulitumia, ili kazi ya mwezi mzima ifanywe na watu wote katika siku chache za Shaaban, na saa za alasiri za Ramadhani zirudi kwa wenyewe.

Wako wasemao kuwa kuweka akiba ya chakula ni upungufu wa tawakkul. Hao hatuafikiani nao. Amepokea Bukhari kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Na bibi zetu wa pwani hawakuwa na friza, lakini walikuwa na papa na ng’onda, na achari ya embe na ya ndimu, na makopa ya muhogo. Walilolijua wao ni kwamba chakula kikikosa maji, au kikizidiwa na chumvi au ukali, hakiharibiki upesi. Friza nayo huyafunga maji kwa kuyageuza barafu.

Lakini haikutosha kugandisha tu. Mmarekani mmoja, Clarence Birdseye, alipokuwa Labrador miaka ya 1910, aliwaona wenyeji wa huko wakivua samaki katika baridi kali, samaki akaganda papo hapo, na alipopikwa baadaye ladha yake ikawa haikupotea. Siri yake ni upesi. Chakula kikiganda polepole, barafu hufanya chembe kubwa kubwa zenye ncha, zikapasua nyama ndani, na siku ya kuyeyushwa maji yote hutoka na nyama ikawa kama sufi. Kikiganda upesi, chembe huwa ndogo na haziharibu. Kutokana na maarifa hayo vyakula vilivyogandishwa vilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1930.

Ama sisi nyumbani hatuna mashine za Birdseye, lakini twaweza kuifuata siri yake: vitu viwe vyembamba, vitengane, na visiwekwe vingi mno kwa mara moja. Sambusa, mathalan, nyama yake yapasa ipoe kabisa kabla ya kufungwa ndani ya manda, la sivyo mvuke huilowesha manda ikapasuka. Zikishafungwa, zipangwe mbichi juu ya sinia bila kugusana, ziingizwe friza mpaka ziwe ngumu kama mawe, ndipo zitiwe katika mfuko na hewa ikamuliwe. Ukizitia mfukoni zikiwa laini utatoa bonge moja na itakubidi utafute nyundo. Siku ya kukaanga haziyeyushwi: hutolewa zikatiwa katika mafuta ya moto wa kiasi, ili ndani yapate moto kabla nje hapajaungua. Katlesi na kachori hufanywa vivyo hivyo.

Chapati huiva nusu, pande zote mbili, bila mafuta. Zikipoa hupangwa na karatasi katikati ya kila mbili, na siku yake huenda moja kwa moja kikaangoni. Nazi iliyokunwa hukaa vizuri sana. Tui nalo hukaa, ingawa likiyeyuka hujitenga likatisha macho, lakini likitiwa motoni na kukorogwa hurudi. Mbaazi na maharage yachemshwe yote siku moja, yagawiwe. Kitunguu saumu na tangawizi visagwe pamoja, vigandishwe vipande vidogo. Muhogo ulio mbichi humenywa, hukatwa, ukawa tayari. Mchuzi wa nyama huingia katika mfuko ukalazwa bapa, unene wa kidole, kwa kiasi cha mlo mmoja tu. Lakini viazi visiwemo, kwa kuwa kiazi kilichoiva vipande vipande kikiganda huwa maji na chenga. Mayai ya kuchemsha na kachumbari visijaribiwe. Sisi tulijaribu mayai, yakawa kama mpira.

Kila mfuko uandikwe jina na tarehe. Wapo watakaocheka hapa, lakini jaribu kupambanua, saa kumi na moja ya jioni na saumu kichwani, mfuko wa mbaazi na mfuko wa kunde vyote vikiwa na ukungu wa barafu. Vyakula vilivyopikwa hubaki na ladha yake miezi miwili au mitatu, na hiyo yatosha Shaaban na Ramadhani na siku sita za Shawwal.

Sasa tuseme jambo lenye hatari, nalo twaomba lisomwe mara mbili. Watu wengi hudhani baridi huua vijidudu. Haiviui, huvilaza tu. Friza iliyo sawa huwa na baridi ya digrii 18 chini ya sifuri, na humo vijidudu havizai. Lakini chakula kikiyeyuka vikaamka, huendelea pale vilipoachia. Kwa hiyo chakula kilichoingia kibaya hutoka kibaya. Shirika la Afya Duniani lawausia watu wasiache chakula kilichopikwa katika joto la chumba zaidi ya saa mbili, na sisi wa pwani, kwa joto letu, afadhali tufanye pungufu ya hapo. Sufuria ya moto isiachwe jikoni mpaka asubuhi ati ipoe, wala isitiwe friza inafuka moshi ikayeyusha jirani zake. Chakula kimiminwe katika masinia mapana, sinia likae juu ya maji baridi, kikishapoa kifungwe.

Na khasa wali. Kimo katika mchele kijidudu ambacho mbegu yake haifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala nje usiku kucha, mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata upashwe moto mpaka ukauke. Ule wali wa daku uliobaki sufuriani, wanaopewa watoto wasiofunga saa sita za mchana, tumewaona watoto watatu wa nyumba yetu wenyewe wakitapika kwa ajili yake.

Vivyo hivyo katika kuyeyusha. Desturi yetu ya kuitoa nyama alfajiri na kuiacha juu ya meza mpaka alasiri si njema: nje imekwisha pata joto na vijidudu vinazaana, ndani bado barafu. Ihamishiwe katika friji tangu usiku, au itiwe katika mfuko usiopenya maji, ukalazwa ndani ya maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, kisha ipikwe mara moja. Kilichopashwa moto kichemke barabara, na kilichobaki kisirudi kugandishwa.

Msomaji wa Unguja atakuwa amekwisha kujiuliza juu ya umeme. Nani asiyekumbuka Mei 2008, umeme utokao Bara ulipokatika tukakaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Na tena Disemba 2009, tukakaa mpaka Machi 2010? Katika ule wa kwanza friza yetu ilikuwa imejaa samaki. Tulikuwa tukiifungua kila baada ya saa kutazama kama wameyeyuka, na kwa kutazama huko tukawayeyusha kabla ya wakati wao. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi yake kiasi cha saa 48. Iliyojaa nusu, kiasi cha 24. Basi umeme ukikatika, mfuniko ufungwe na ufunguo ufichwe. Yakipita masaa hayo, kisichokuwa na barafu tena ndani yake kipikwe siku ile ile kikiwa bado na ubaridi wa friji, na majirani waitwe. Kilichokwisha pata joto kitupwe, japo roho inauma.

Tangu 2013 tuna waya mwingine mkubwa zaidi uliolazwa baharini, lakini umeme wa kukatika usiku na kurudi alfajiri haujaacha kututembelea, na hatari yake ni kwamba chakula huyeyuka na kuganda tena wewe umelala, asubuhi ukakiona kigumu ukadhani ni salama. Dawa yake ni hii: gandisha maji katika kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kikombe kikae ndani ya friza. Ukiikuta sarafu juu, hapana kilichotokea. Ukiikuta imezama, maji yaliyeyuka, na chakula nacho.

Tulipoyajua yote hayo tuliweka akiba yetu ya kwanza, na twakiri kuwa haikumpa mama watoto chochote. Sambusa 210, katlesi, chapati, michuzi ya namna nne, vyote vilikuwamo. Lakini sisi wanaume, tulipoona sambusa ni tayari, tukasema basi leo na kaimati ziwepo, na tambi, na mkate wa kumimina, madhali kazi imepungua. Wageni wakawa wanane badala ya sita. Mpaka adhana ya magharibi alikuwa bado amesimama mbele ya karai. Akiba ilikuwa imeongeza vyakula mezani, haikumwondoa mtu jikoni.

Mwaka wa pili tukakaa kitako tukapatana: tende na maji na uji, kitu kimoja cha kukaanga, kitu kimoja cha nazi, basi. Kinachotoka friza ni badala, si nyongeza. Mgeni ale tulacho. Na siku mbili za kazi katika Shaaban ziwe za nyumba nzima. Bibi Aisha ametusimulia kwamba Mtume alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa sala, basi mwalimu wa chuoni ni nani hata ashindwe kukunja manda? Zetu za mwanzo hazikuwa na umbo linalojulikana. Watoto walizila hivyo hivyo. Mwaka huo mama watoto alifika juzuu ya ishirini na sita, na zile nne alizikamilisha katika Shawwal, nasi tulimpikia siku hiyo.

Limebaki moja. Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha aliulizwa kama Mtume alikataza kula nyama ya kuchinja ya Idi baada ya siku tatu. Akajibu kuwa alifanya hivyo katika mwaka ambao watu walikuwa na njaa, akitaka tajiri amlishe maskini. Na kwamba wao wenyewe walikuwa wakiitoa miguu ya mnyama wakaila baada ya siku kumi na tano. Tumeifikiri sana habari hii tangu tuwe na friza iliyojaa. Mama yake yule mwanafunzi wetu hana friza. Tulipomweleza mambo haya alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza, “Na sisi tusiokuwa nayo, Maalim?”

Upande wa kushoto wa sanduku letu sasa si wetu. Kabla ya mwezi kuandama huletwa mifuko ya nyumba mbili za jirani, imeandikwa majina, na mfuniko hufunguliwa mara moja tu kwa siku, watu wote wakatoa vyao. Msichana yule hukaa darsani karibu na mlango. Ikifika saa kumi na moja u nusu hufunga Msahafu wake, huaga, hupita kwetu akachukua mfuko wake, akaenda zake kukaanga. Mwaka jana alihitimu.