Klachi na Mchanga wa Moa

Ukiiacha lami ya Tanga–Horohoro ukashuka kuelekea Moa, hukutani na mlima wa kulitesa gari. Klachi lakini inaweza kufia huku huku, mchangani, na anayeiua ni mguu wa kushoto wa dereva.

Pleti ya klachi hukaa kati ya flaiwili, inayozungushwa na injini, na presha pleti inayoibana. Ukikanyaga pedali, inaachiwa. Ukiondoa mguu, inabanwa na nguvu inapita kwenda kwenye giaboksi. Balaa ni hapo katikati, kwenye nusu klachi: pleti inasuguliwa bila kushikwa, inachemka, inalika. Canter iliyosheheni samaki ikizama, dereva hupiga resi huku akiichezea pedali, na dakika chache hizo zaweza kuunguza pleti ambayo ingedumu miaka. Harufu yake utaijua tu. Afadhali mshushe mzigo, mfukue matairi na kuyapunguza upepo, mtandike mbao, kisha gari litoke kwa namba moja, mguu ukiwa umeondoka kabisa kwenye pedali.

Klachi iliyochoka huanza kujisema ukiwa na mzigo kwenye gia kubwa: injini inapanda sauti, mwendo hauongezeki. Kwa uhakika, simama pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono, kanyaga na breki ya mguu, ingiza namba tatu, uachie klachi taratibu. Injini ikizima, inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Usirudierudie, jaribio lenyewe linaila pleti.

Gia zinazolia au kugoma kuingia ni ugonjwa mwingine: klachi haiachii. Kwenye klachi ya mafuta, angalia kwanza kama mafuta yamepungua kwenye kikombe chake na kama masta ya juu au ya chini inavuja, kabla fundi hajagusa giaboksi. Gari lililolazwa miezi karibu na bahari nalo laweza kugoma hivyo hivyo, maana kutu huigandisha pleti kwenye flaiwili. Ukisikia mlio pedali ikikanyagwa tu, shuku beringi ya klachi.

Giaboksi ikishuka, badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kuishusha, na hakuna anayependa kuilipia mara mbili. Fundi aitazame pia sili ya nyuma ya injini. Ikivuja, oili itailowesha hata pleti mpya, nayo itateleza.