Maandishi ya Ukutani katika Kanisa la Ashwell

Wengi wenu mmekwisha soma katika somo la Historia habari za tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348, ikaua theluthi moja ya watu au zaidi. Mimi nami nilizisoma, nikazijibu katika mtihani, kisha nikazisahau. Zilinirudia siku nilipoingia katika kanisa la Mtakatifu Maria, kijijini Ashwell, jimbo la Hertfordshire.

Kanisa hili lilijengwa hasa katika karne ya 14. Mpango wake ni kama wa makanisa mengi ya zamani zile: mashariki pana altare, katikati pana ukumbi wa waumini, wenye safu mbili za nguzo na matao, magharibi pana mnara wa kengele. Mnara huo una urefu wa futi 176, yaani kama meta 54, nao huonekana toka mbali. Pembeni umetegemezwa kwa kuta nene za mawe ili usielemewe na uzito wake.

Jiwe lililotumika ni jeupe na laini, jamii ya chaki. Huchongeka kwa urahisi, lakini mvua na baridi huliharibu, na kwa sababu hiyo kuta za nje zimehitaji matengenezo mengi. Walakini ulaini huo ndio uliotuachia hazina. Ndani ya mnara, mtu asiyejulikana jina alichukua kitu chenye ncha, akaandika ukutani kwa Kilatini. Asema kwamba mwaka 1350 ulikuwa wa huzuni na ukali, na waliosalia kushuhudia ni makapi ya watu tu. Kisha ataja upepo mkuu uliovuma Januari mwaka 1361. Sisi twauhesabu kuwa 1362, kwani siku hizo mwaka wa Waingereza ulianza Machi.

Karibu na maneno hayo pamechorwa kanisa kubwa. Wataalamu hudhani ni kanisa la kale la Mtakatifu Paulo, London, lililoungua mwaka 1666.

Nilisimama pale kwa muda mrefu. Katika kitabu nilikuwa nimekariri hesabu ya waliokufa. Hapa nilimsikia mmoja aliyebaki.

Siwashauri mkachore kuta za mabweni! Daftari zipo. Andikeni humo mambo mnayoyaona, wala msisahau kutia tarehe.