Ngoma Zilizotia Fora Njia ya Tabora

Muziki uliokwenda mbali zaidi kwa miguu hapa Tanzania ni wa wapagazi wa Kinyamwezi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtu aliitembea akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Baragumu lililia, mmoja akaanzisha wimbo, msafara mzima ukaitikia. Muundo huo una akili kubwa: anayeitikia hupata nafasi ya kuvuta pumzi, na mguu haupotezi mwendo. Jioni kambini, nyimbo na ngoma zilifungua uwanja wa kuchezea. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, aliielezea misafara hiyo katika kitabu chake cha 1860.

Kwa kuwahi kuchapishwa, Waingereza wametutangulia. Mwaka 1651 John Playford alitoa kitabu London chenye ngoma 105 za vijijini pamoja na tuni zake. Nyingi ni fupi, zina sehemu mbili, kila moja hurudiwa ili mchezaji ajue lini abadilishe hatua. Mnyamwezi angezielewa mara moja.

Hata hivyo, tuni za Ulaya zilizotikisa Tabora zilitoka kambini kwa askari. Kwa kasi ya kuenea, ngoma ya beni haina mpinzani. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, karne ya 19 ikielekea ukingoni: matarumbeta, dramu, gwaride, vyeo vya kijeshi, na pande mbili zisizopikika chungu kimoja, Marini na Arinoti. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara pamoja na askari na wachukuzi, na baada ya vita ikafika hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa. Ingekuwa kuiga tu, isingevuka mipaka yote hiyo. Watu waliikubali kwa sababu waliijaza mashairi na mashindano yao wenyewe.

Sauti ya pekee kuliko zote Tabora? Bendi ya Kiko Kids, bila shaka. Mandolini ya Salum Zahoro wao ina wepesi ambao magitaa ya wakati wake hayakuwa nao. Nzega nayo ilimtoa Iddi Nhende, mwanzilishi wa Western Jazz, bendi iliyotamba Dar es Salaam kwa mtindo wa Saboso.

Wimbo uliopendwa zaidi ni “Dada Asha” wa Tabora Jazz, wenye mtindo wa Segere Matata, bendi aliyoiongoza Shem Karenga. Bado unawainua watu vitini harusini.

Lakini kikombe changu nawapa wapagazi. Bendi hizo zilipata santuri na redio za kuzitangaza. Wapagazi walikuwa na baragumu, ngoma na vifua vyao. Mwenye mzee Urambo, Nzega au Sikonge anayezikumbuka nyimbo zile, na amrekodi mwaka huu.