Likasi: Sheria inasema mutoto ajifunze kusoma katika Kiswahili. Kiswahili gani, na nani atamufundisha?

Mutoto mwenye kuingia kalasi ya kwanza katika komini za Kikula, Panda, Shituru ao Likasi anafika ku masomo akiwa na kitu kimoja chenye mwalimu hana lazima ya kumupa: Kiswahili. Amekijifunza ku nyumba, ku soko na katika barabara. Hata pale wazazi wanasema Kisanga, Kibemba, Kiluba ao Tshiluba, mara nyingi mutoto anafikia miaka sita akiwa tayari anacheza na wenzake katika Kiswahili. Lakini katika kalasi nyingi, neno la kwanza lenye kuandikwa ku tablo mbele yake ni la Kifaransa.

Ku sheria, mambo hayangepaswa kuwa hivyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja lugha ine za taifa, na Kiswahili ni moja kati yao. Kisha, sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inasema kama lugha za taifa ao lugha za mazingira zitumiwe kwa kufundishia, na pia zifundishwe zenyewe sawa vile somo. Kwa mutoto wa Haut-Katanga, maana yake ni rahisi: aanze kusoma na kuandika katika Kiswahili, ajifunze Kifaransa kwanza kwa kukisema, kiisha Kifaransa kichukue nafasi pole pole kadiri kalasi zinapanda.

Miaka zaidi ya kumi imepita. Benki ya Dunia inahesabu kama katika inchi yetu, watoto 97 kwa 100 wenye kufikia miaka 10 hawawezi kusoma andiko fupi na kulielewa. Mutu anaweza kuuliza kipimo kilifanywa katika lugha gani, na hilo ni ulizo la haki: mutihani wa PASEC wa mwaka 2019, wenye kupima wanafunzi wa mwisho wa shule ya musingi, ulikuwa katika Kifaransa. Lakini ulizo hilo halipunguze shida, linaonyesha tu fasi inaanzia. Watoto wetu wanapimwa kusoma katika lugha yenye hawakufundishwa vizuri kuisema, na hawakupewa nafasi ya kujua kusoma katika ile yenye wanaisema.

Kusoma ni kazi mbili. Kwanza, mutoto anapaswa kujua kama kila herufi inabeba sauti, na kama sauti zikiunganishwa zinatoa neno. Pili, neno likitoka katika kinywa chake, anapaswa kulitambua. Akisoma "ma-ji", anasikia kitu chenye alikunywa asubui. Kama amekosea akasema "ma-ju", sikio lake lenyewe linamukataza. Umupe sasa "maison". Pale "ai" inasomwa sawa "e", "s" inakuwa "z", na "n" ya mwisho inapotelea katika pua. Na hata akiweza kutoa sauti hiyo yote bila kosa, kama hajui "maison" ni nini, bado hajasoma kitu. Ametoa tu sauti.

Kiswahili kina bahati kubwa kwa mambo haya, na ni bahati yenye tunaiacha bure. "A" ni "a" fasi zote. "O" ni "o" fasi zote, wakati katika Kifaransa sauti hiyo moja inaandikwa "o", "au", "eau", "ot". Mutoto mwenye kujua zile herufi tano, a, e, i, o, u, na kuziunganisha na m, l, k, t, b, anaweza kusoma maneno mengi mbele mwaka wa kwanza uishe. Kiisha zinakuja "ch", "sh", "ny", "mb", "nd". Kazi ya kufungua maandishi inaisha mapema. Kinachobaki ni kusoma mara nyingi mupaka mutoto asome bila kusimama-simama.

Hayo si maoni ya watu wa Likasi peke yao. Mwaka 2000, wataalamu wa Marekani wenye kuitwa National Reading Panel walichunguza masomo mengi ya kisayansi juu ya kusoma na wakaona vitu vitano vyenye mwalimu anapaswa kufundisha: kusikia sauti ndani ya neno, kuunganisha sauti na herufi, kusoma kwa mwendo muzuri, kuongeza maneno, na kuelewa. Mwaka 2023, kikundi kingine cha wataalamu, chenye kusaidiwa na Benki ya Dunia, UNICEF na Uingereza, kiliangalia inchi zenye feza kidogo sawa yetu. Kiliweka katika mustari wa kwanza njia hii: mwalimu apewe muongozo wa somo kwa somo, mutoto apewe kitabu chake, na mwalimu atembelewe katika kalasi na mutu wa kumusaidia. Vitu hivyo viende pamoja. Kitabu bila mwalimu aliyefundishwa kinabaki katika kabati ya direkta.

Mufano wa karibu uko Burundi. Kule, watoto wanafundishwa katika Kirundi miaka ya kwanza. Katika PASEC ya mwaka 2014, yenye ilipima inchi kumi za Afrika, karibu wanafunzi 8 kwa 10 wa mwaka wa pili wa Burundi walifikia kiwango chenye kutosha katika lugha. Inchi zote kumi pamoja hazikufikisha hata 3 kwa 10. Na jambo lenye wazazi wa hapa wangepaswa kusikia ni hili: katika mwaka wa sita, pale mutihani ulikuwa wa Kifaransa, Burundi ilikuwa tena juu ya wastani. Kirundi hakikuwanyanganya Kifaransa.

Sababu woga wa wazazi ndiyo ukuta wa kwanza, na si woga wa ujinga. Likasi ni muji wa migodi na viwanda. Mbele ya 1966 uliitwa Jadotville, na tangu wakati wa Union Minière mupaka Gécamines, Kifaransa ndiyo ilikuwa lugha ya biro na Kiswahili lugha ya kazi ya mikono. Muzazi mwenye kuona baba yake alibaki chini miaka yote juu ya Kifaransa hataki kusikia kama mutoto wake anaanzishwa na Kiswahili. Mwenye feza anamupeleka ku shule ya binafsi yenye kufundisha Kifaransa tangu maternelle. Kiisha mutihani wa mwisho wa shule ya musingi, ENAFEP, uko katika Kifaransa, na kila mwalimu anajua kama yeye na direkta wake watahukumiwa kwa matokeo yake. Serikali inasema jambo moja ku sheria, na inasema lingine ku mutihani. Walimu wanasikiliza mutihani.

Wazee wa Likasi watakumbuka kama hili si jambo la leo. Wakati wa Wabeleji, katika shule za kambi za wafanyakazi, wamisionari walifundisha katika Kiswahili. Mwaka 1962, kiisha uhuru, programu mupya ikaweka Kifaransa tangu kalasi ya kwanza. Katika miaka ya 1970, chini ya Mobutu, lugha za taifa zikarudishwa ku miaka ya kwanza, mara nyingi bila vitabu vya kutosha. Sheria ya 2014 ni zamu ya tatu.

Na kuna ulizo lenye linaulizwa kidogo sana: Kiswahili gani?

Mutoto wa Panda anasema "batoto", kitabu kinamuandikia "watoto". Yeye anasema "mu kalasi", kitabu kinasema "darasani". Ku nyumba anakula bukari na sombe. Katika kitabu chenye kuandikwa kwa kufuata Kiswahili cha pwani, ugali na kisamvu. Na hili ninalolipenda zaidi: "makala". Kwa Tanzania, makala ni hii yenye unasoma sasa. Kwa Likasi, makala ni ile yenye mama ananunua katika gunia juu ya kupika. Mutoto akisoma neno hilo vizuri kabisa, silabi kwa silabi, bado anaweza kuona moto fasi ya gazeti.

Kiswahili cha Katanga kiliandikwa tangu zamani bila kufundishwa ku shule yoyote. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa jina la wafanyakazi wa nyumba wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, historia ya muji wao katika Kiswahili hicho. Pale mutaalamu Johannes Fabian na wenzake walikitoa kwa watu wengi mwaka 1990, ilikuwa lazima kukisoma kwa sauti juu ya kukielewa, sababu maneno yaligawanywa kwa namna yake. Yav hakuwa na shida ya lugha. Alikosa tu mutu wa kumufundisha namna ya kuiandika. Watu wengi wenye kutumiana ujumbe wa simu katika Kiswahili leo hapa Likasi wanafanya vilevile.

Kwa maoni yangu, hatuna lazima ya kutunga Kiswahili kingine cha vitabu. Kanuni ya herufi ni ileile: mwenye kujua kusoma "batoto" anajua kusoma "watoto" siku hiyohiyo. Lakini maandiko ya miezi ya kwanza yangepaswa kutumia maneno yenye mutoto wa hapa anayajua, na mwalimu apewe ruhusa wazi ya kufasiria katika Kiswahili cha mutaa bila kuogopa inspekta. Uamuzi huo hauombe feza nyingi, unaomba tu karatasi yenye sahihi.

Mambo mengine yanaomba feza, na hapo ndipo kunakuwa kimya. Kuanzia mwaka 2015, mupango wa ACCELERE!, wenye kulipwa na Marekani na Uingereza, ulitengeneza vitabu na kufundisha walimu wa kalasi za kwanza katika majimbo kadhaa, na kwa upande wetu kazi ilifanywa katika Kiswahili. Mupango uliisha. Kiisha, Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafungwa. Hakuna mutu mwenye kukaa Likasi anaweza kushangaa kama kitabu chenye kulipwa na mugeni kinaisha pale mugeni anaenda.

Kenya pia ilisaidiwa na wageni haohao. Mupango wake wa Tusome, wenye kuanza katika shule za serikali mwaka 2015, ulitoa kitabu kimoja kwa kila mutoto katika Kiswahili na katika Kiingereza. Tofauti ni hii: wenye kuzunguka katika kalasi kwa kusikiliza watoto wakisoma na kumushauri mwalimu walikuwa watumishi wa serikali ya Kenya yenyewe. Inchi hiyo iliamua pia kipimo: mutoto mwenye kusoma vizuri anafikisha maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili, na 65 katika Kiingereza. (Kiswahili ni 45 sababu neno letu moja sawa "hatukuwaona" ni maneno mazima ya Wazungu.) Muzazi, mwalimu na inspekta wanajua wanatafuta nini.

Kwetu, tangu Septemba 2019, pale Raisi Félix Tshisekedi alianzisha ile yenye wote wanaita gratuité, kalasi za shule za serikali zilijaa. Ilikuwa haki ya watoto. Katiba iliiandika tayari katika kifungu cha 43. Lakini kujaa kwa kalasi kuliongezea nguvu njia mbaya ya kufundisha. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi, na pengine mwenye kuwa nouvelle unité bila mushahara, anaandika mustari ku tablo, anausoma, na kalasi yote inarudilia kwa sauti moja. Mutu mwenye kupita inje anasikia kalasi yenye kusoma. Ndani, watoto kumi wanasoma, na wengine wanaimba nyuma yao.

Mwalimu huyo wengi wao alitoka humanités pédagogiques, fasi alifundishwa namna ya kuandaa somo na ya kushika jurnali ya kalasi. Kufundisha sauti za Kiswahili, hatua kwa hatua, ni kazi ingine, na mutu haizaliwe nayo juu tu anasema Kiswahili. Waziri wa Elimu, Raïssa Malu, mwenye kuwa katika wizara tangu 2024, ni mutu wa ualimu na wa sayansi. Hataomba kufasiriwa maana ya ushuhuda wa utafiti. Chenye walimu wa Likasi wanamungojea kufanya ni kuweka somo hilo katika shule zenye kuandaa walimu, na kuweka vitabu vya Kiswahili katika budjeti ya inchi, si ya wafadhili.

Wakati huo wote, muzazi anaweza kujua mutoto wake yuko wapi, na hata kama yeye mwenyewe alisoma kidogo. Chukua kipande cha karatasi na uandike "kalamu". Mutoto wa kalasi ya pili atakisoma, pengine sababu alikiona mara mingi. Usimusifu bado. Chini yake andika "makala", kiisha "lima", "mali", "mila", na ufunike mustari kwa kidole ukifungua neno moja-moja. Mwenye kujua kusoma atasita kidogo, atatembeza midomo, atapata. Mwenye kukariri atakutazama ku uso, akitafuta jibu pale.