Mvua ya Lushoto, Mitambo ya Hale

Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, haikai mlimani. Hushuka na mto Soni hadi Mombo, hunywesha mashamba ya mpunga, huingia Mkomazi na kumalizikia mto Pangani. Mto Luengera nao, katika bonde linalotenganisha Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, huleta sehemu yake hadi Korogwe. Maji yote haya hupitia Hale, ambako tangu mwaka 1964 kumekuwa na mitambo miwili ya umeme yenye uwezo wa megawati 21 kwa jumla. Yakitoka hapo, kazi bado. Kilomita chache mbele huangushwa tena kwenye kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kilichojengwa kwa fedha za Norwei, Uswidi na Ufini na kuanza kuzalisha katikati ya miaka ya 1990. Kituo cha zamani cha eneo hilo kilikuwa kikiwasha taa za Tanga na kuendesha viwanda vya mkonge tangu miaka ya 1930.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na megawati hizi chache wakati Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake mmoja tu, wa megawati 235, unazidi vituo vyote vya mto Pangani. Jibu liko kwenye umbali. Umeme unaosafiri mamia ya kilomita hupungua njiani, na volteji hushuka kadiri waya unavyorefuka. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu aliyoitaja ni huo upotevu wa njiani. Hale iko palepale ambapo laini ya kilovolti 132 kutoka Chalinze inagawanyika, moja ikienda Tanga, nyingine Same hadi Moshi. Kila megawati inayozalishwa hapo inasaidia kushikilia volteji ya ukanda mzima isilegee.

Sasa tupige hesabu kidogo. Hale maji huanguka kama mita 70, na kituo cha chini yake kama mita 170. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ukiondoa kinachopotea kwenye mtambo, hutoa takribani kilowati 600 pale Hale. Maji hayohayo yakifika kituo cha pili hutoa kilowati 1,450 hivi. Yaani mita hiyo moja ni megawati mbili. Ikimwagika juu ya mabanio ya vituo vyote viwili kwa sababu mitambo imefunguliwa kwa matengenezo, megawati mbili zimekwenda baharini, na hakuna namna ya kuzirudisha. Mabwawa ya vituo hivi viwili ni madogo, hayawezi kuweka akiba ya maji ya msimu. Bwawa kubwa la akiba ni Nyumba ya Mungu, mbali juu, na maji yanayofunguliwa huko hupita kwenye vinamasi vya Kirua na kuchukua siku kadhaa kabla ya kufika.

Hapa ndipo teknolojia ya kidijiti inapopata kazi ya kweli. Katika vituo vya umri wa Hale, kwa miaka mingi usimamizi ulikuwa wa macho, masikio na daftari. Fundi wa zamu alipita kila saa, akasoma mita za joto na shinikizo, akaandika, akagusa gamba la beringi kwa kiganja, akasikiliza. Fundi aliyekaa na mtambo miaka ishirini husikia kasoro kabla mita yoyote haijaonyesha, na elimu hiyo ni hazina ambayo sipendi kuona ikidharauliwa. Lakini fundi husinzia, huhamishwa, hustaafu. Vihisi vinavyofungwa kwenye beringi hupima mtikisiko maelfu ya mara kwa sekunde, na kompyuta hulinganisha kipimo cha leo na cha mwezi uliopita. Joto linalopanda nyuzi moja kila wiki halitamshtua mtu anayelisoma kila saa. Kwenye mchoro wa miezi sita linaonekana wazi, na mafuta hubadilishwa kabla beringi haijaungua.

Kuna pia gavana, kifaa kinachofungua na kufunga milango ya maji ili mtambo usibadili mwendo. Gridi yetu huenda kwa hezi 50, kwa hiyo mtambo wenye ncha 12 za sumaku lazima uzunguke mara 500 kwa dakika, usipungue wala usizidi. Gavana za zamani zilitegemea mipira ya chuma inayozunguka na mafuta yenye shinikizo. Za kidijiti huitikia haraka zaidi na kuweka kumbukumbu ya kila kilichotokea, kumbukumbu ambayo ni dhahabu siku gridi inapoanguka na wahandisi wakitaka kujua nani alitikisika kwanza.

Lakini jambo lililo karibu zaidi na Lushoto ni mchanga. Miteremko ya Usambara hulimwa viazi, kabichi na karoti zinazopelekwa Dar es Salaam, na mvua kubwa huishusha ardhi pamoja na maji. Mradi wa SECAP ulipambana na mmomonyoko huu wilayani kuanzia miaka ya 1980, kwa kupanda miti na majani kwenye kontua. Punje za mchanga zikipita kwenye turbaini kwa kasi hula chuma polepole. Mtambo unaendelea kuzunguka, taa zinawaka, na hakuna anayegundua kwamba maji yaleyale sasa yanatoa umeme pungufu. Atagundua tu anayepima kwa pamoja kiasi cha maji, kimo chake na umeme unaotoka, siku hadi siku. Programu ya kompyuta hufanya hivyo bila kuchoka.

Hata hivyo, mtambo uliojaa vihisi bado ni kipofu kwa mvua iliyonyesha jana Magamba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mipango mingi ya kuboresha vituo vya maji inapokosea: fedha zote huishia ndani ya jengo la mitambo. Kipimo cha rada chini ya daraja, chenye paneli ndogo ya jua na laini ya simu, hutuma kimo cha mto kila baada ya dakika chache. Mtandao wa TAHMO umekwisha kuonyesha, katika nchi kadhaa za Afrika, kwamba vituo vya hali ya hewa vinaweza kufungwa mashuleni na kutuma takwimu zenyewe. Takwimu za mlimani zikiunganishwa na za mitambo, chumba cha kuongozea Hale kitajua mapema kwamba maji yanakuja. Mtambo hautafunguliwa kwa matengenezo wakati wa mafuriko, na banio halitamwaga megawati bure.

Tahadhari moja ni lazima. Desemba 2015 wavamizi wa mtandao waliingia kwenye mifumo ya kampuni za umeme za Ukraine, wakafungua swichi kutoka mbali na kuwaacha wateja zaidi ya 200,000 gizani. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda kwenye vituo na kufunga swichi kwa mikono. Kwa hiyo Hale ya kidijiti ibaki na mikono yake: fundi anayejua kuwasha mtambo bila skrini, na kufanya mazoezi hayo mara kwa mara.

TANESCO inashika mitambo, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inashika mito. Takwimu za taasisi hizi mbili zinastahili kusomwa kwenye skrini moja, na vipimo vya kwanza vifungwe Soni, Mombo na Luengera, kwani gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na turbaini moja. Nanyi wakazi wa Soni, Mombo na Magoma, siku mtakapoona kijisanduku chenye paneli kimefungwa chini ya daraja lenu, msikubali kiibwe.