Je, Wajua? Majini ya Mussa Banzi

Filamu za kutisha za Kiswahili hazikusubiri studio kubwa wala fedha za serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi wa Dar es Salaam aliongoza filamu ya Nsyuka, kisha Shumileta (2005), kisa cha jini wa kike aliyempenda binadamu. Athari za filamu za Nigeria zimo, tena waziwazi, lakini mganga na jini ni wa kwetu. Kazi za aina hii zilipigwa kwa kamera ya video na kuuzwa madukani bila kupitia majumba ya sinema. Ziliangaliwa sebuleni na kwenye mabanda ya video. Kwa mtazamaji wa Mashewa, Korogwe, jini hahitaji kutambulishwa. Dracula, mnyonya damu wa filamu za Magharibi, ndiye mgeni.